Maswali ya Wasomaji: Chakula cha Shambani Bila Gari

Barua nyingi za safari hii zinalalamikia jambo moja. Chakula kimelimwa hapa hapa Uganda, sokoni kimejaa, lakini kukifikisha nyumbani bila gari kunamaliza nguvu na nauli. Tumechagua sita. Barua tumezifupisha, majibu tumeyaacha marefu pale yanapohitaji urefu.

Ninaishi Kireka, nyumbani tuko watu watano. Kila Jumamosi naenda soko la Owino, Kampala, kununua chakula cha wiki nzima, narudi jioni na mifuko minne. Makondakta wananikataa, au wananitoza viti viwili. Siku hizi nanunua supamaketi iliyo karibu na steji, ila bei iko juu na vitu vingi vimetoka nje. Nifanyeje?

Dada wa Kireka, kinachokuchosha ni kununua vyote siku moja kisha kurudi saa mbaya kuliko zote. Anza kwa kuutenganisha mzigo wako.

Vyakula vikavu havina sababu ya kupanda teksi (basi dogo la abiria) kila Jumamosi. Kwa watu watano, nusu kilo ya maharagwe makavu inatosha mlo mmoja. Mkiyala mara nne kwa wiki ni kilo mbili, kwa hiyo kilo 25 zinakaribia kumaliza miezi mitatu. Unga wa posho (ugali wa mahindi) ni kama kilo moja kwa mlo. Mkipika mara nne kwa wiki, gunia la kilo 25 linakwenda wiki sita. Hapo tayari umeondoa kilo sita begani kila wiki, bado hatujataja mchele na karanga. Vitu hivi nunua kwa muuza nafaka wa hapo hapo Kireka au Banda, umlipe boda alete gunia peke yake bila abiria. Kilo 25 zinakaa vizuri nyuma ya pikipiki zikifungwa kwa mpira wa tyubu.

Vibichi ni habari nyingine, na hapo Owino ni mbali bila faida. Soko la Nakawa liko njiani kabla hujafika mjini. Malori hushusha usiku hadi alfajiri, na ukifika kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi unakuta mzigo ambao bado haujachaguliwa na wengine. Faida kubwa zaidi iko kwenye teksi. Asubuhi watu wanaelekea mjini, kwa hiyo utabanana ukiwa unakwenda, mikono mitupu. Ukirudi, teksi za kwenda Kireka, Bweyogerere na Mukono zina viti vitupu, na kondakta mwenye viti vitupu habishani juu ya mfuko. Kuanzia saa 11 jioni mambo yanageuka: abiria wamejipanga, nauli imepanda, mvua ikinyesha inapanda tena, na mzigo wako unakuwa kero.

Teksi ya abiria 14 ina nafasi ndogo nyuma ya kiti cha mwisho. Begi la kilo 10 hadi 15 linaingia, gunia haliingii. Kwa hiyo safari mbili za kilo 10, tuseme Jumatano na Jumamosi, ni rahisi kuliko moja ya kilo 20, na mboga zinakufikia zikiwa hai. Bei ya mzigo mkubaliane kabla hujakanyaga mlangoni, kwa sababu gari likishaondoka huna tena nguvu ya kusema.

Upangaji una maana kubwa. Viazi na vitunguu chini. Nyanya usiziweke kwenye mfuko laini hata zikiwa juu, maana zinasukumwa kila breki inapokanyagwa. Chukua ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye mfuniko, tandika gazeti, ng'oa vikonyo vyote, panga safu zisizozidi nne. Vikonyo ndivyo hutoboa ngozi ya nyanya jirani, na tundu moja dogo huozesha ndoo nzima kufikia siku ya tatu. Chagua zilizoanza tu kugeuka rangi; zitaiva nyumbani.

Mboga za majani kama nakati, dodo na bbugga usizitafute sokoni kwa wiki nzima. Majani yaliyolowa yakifungiwa ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) hupata joto, na kufikia kesho yana utelezi. Hizo nunua za siku moja moja jioni kwa wanaopanga bidhaa kando ya barabara, wale ambao Kampala inawaita toninnyira mu kange. Mboga zao nyingi zimekatwa asubuhi hiyo katika mabonde na viunga vya jiji. Ukifika nazo, kata ncha za mashina uzisimamishe kwenye kopo la maji.

Jambo moja kuhusu mizani. Kamati za masoko huwakemea wanaopunja, lakini kinga bora ni yako. Beba chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa. Pamoja na plastiki yake ina uzito unaozidi nusu kilo kwa gramu chache tu. Iweke juu ya mizani kabla ya kupimiwa. Ikisoma gramu 600, nenda kibanda cha pili bila ugomvi. Mizani iliyokaguliwa na shirika la viwango, UNBS, hubandikwa alama yenye mwaka wa ukaguzi, itazame.

Mimi ni kijana wa Bwaise. Nanunua mkungu wa matooke Kalerwe, nauleta kwa boda. Unafika umechubuka, na baada ya siku mbili nusu imeiva. Kosa liko wapi, kwangu au kwa muuzaji?

Pengine kwenu wote wawili. Tuanze na muuzaji. Matooke mengi ya Kampala yanatoka Isingiro, Mbarara, Bushenyi na pande za Masaka, yakiwa yamelundikwa juu ya lori. Mikungu ya katikati ya lundo hupata joto, na ndizi iliyopata joto huanza kuiva ndani huku ganda likiwa bado kijani. Kabla ya kununua, ingiza mkono katikati ya vichana uusikie. Ukikuta uvuguvugu, acha. Kisha tazama mkato wa bua. Ukiwa mweupe na unyevunyevu, mkungu ni mbichi wa juzi au jana. Ukiwa mweusi, umekauka na kunywea, umekaa. Tazama na pembe za ndizi: zilizokomaa vizuri zimejaa na pembe zake zimelainika, zenye pembe kali zilikatwa mapema, zitakuwa ngumu mdomoni hata ukizipika nusu siku. Ukisikia muuzaji anataja Kibuzi, Nakitembe au Mbwazirume, hizo ni aina za kupika kweli.

Sasa upande wako. Mkungu wa kilo 20 una bua la kama kilo mbili ambalo huli. Mwambie muuzaji aukate vichana vyake papo hapo, wana panga na wanajua. Kwanza umeacha uzito. Pili, mkungu mzima juu ya boda una ncha zinazosuguana na chuma cha kiti, na kila msuguano ni doa jeusi. Vichana vipange ndani ya gunia, migongo ikitazama nje, majani makavu ya mgomba katikati. Gunia lilale nyuma ya kiti, lifungwe mara mbili kwa kupishana. Usikubali liwekwe mbele juu ya tangi. Dereva hawezi kukata kona vizuri, na hatari hiyo ni yako pia ukiwa umepanda. Bora zaidi, mtume dereva wa steji yako unayemfahamu na gunia peke yake, wewe upande teksi.

Watu wengi hutushauri kununua yaliyokwisha kumenywa, kwa sababu maganda nayo yanakula kama theluthi moja ya uzito. Kama unapika saa hiyo hiyo, sawa. Lakini hujui maji waliyoyatumia kuyaloweka, na kufikia jioni yamekuwa meusi. Kwa kuhifadhi, hapana.

Nyumbani yatawanye sakafuni penye kivuli na hewa, mbali na maembe, parachichi na ndizi mbivu. Tunda linaloiva hutoa hewa inayoamsha jirani yake kuiva, na chumba kimoja cha Bwaise kinatosha kabisa kuifungia hewa hiyo ndani. Vichana vya juu ya mkungu, vilivyokuwa karibu na shina la mgomba, huwa vimekomaa zaidi. Vipike hivyo kwanza.

Sisi ni familia nne za Makindye, kwetu Arua. Tunataka ndugu watutumie maharagwe, karanga na simsim (ufuta) kwa basi badala ya kununua hapa kidogokidogo. Mara ya kwanza gunia lilipotea siku mbili, na maharagwe yakaingia wadudu ndani ya mwezi. Tupeni utaratibu.

Wazo lenu ni zuri na tunaliunga mkono kwa moyo wote. Familia nne zikichanga, gari la mtu mwingine linawabebea. Ila kila hatua ina mahali pa kuvujia.

Kwanza wakati. Sehemu nyingi za kusini mwa Uganda huvuna maharagwe Juni na Julai, kisha Desemba na Januari. Kaskazini msimu ni mrefu, na aghalabu ni mmoja, mavuno yanakuja kuanzia katikati ya mwaka hadi mwishoni. Ulizeni ndugu yenu kule wanaanika lini, mnunue wiki chache baadaye. Mkinunua siku ya mavuno mnalipia maji.

Maji hayo hupimwa hivi, na ndugu wa Arua anaweza kufanya mwenyewe. Achukue chupa ya kioo safi iliyokauka kabisa, ajaze nafaka theluthi moja, aongeze vijiko vitatu vya chumvi kavu, afunge, atikise dakika moja, aiache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, nafaka ina unyevu unaozidi asilimia 15 na haifai kuwekwa. Irudi juani. Chumvi ikidondoka yote chini, mzigo uko tayari. Chumvi yenyewe ikiwa na unyevu itadanganya, kwa hiyo iokwe kidogo kwenye kikaango kwanza.

Pili mfuko. Msitume gunia la kilo 100. Hakuna boda atakayelichukua kutoka kituo cha basi, na mtalipa wachukuzi mara mbili. Magunia manne ya kilo 25, kila familia lake, yashonwe mdomo kwa uzi wa katani. Jina na namba ya simu ya mpokeaji viandikwe nje kwa kalamu nzito, na karatasi yenye maneno hayo hayo iwekwe ndani, kwa sababu maandishi ya nje hufutika kwa vumbi na mvua. Gunia lenu huenda lilipotea hapo tu: limefika, limewekwa stoo, halisomeki. Mtumaji achukue risiti, aipige picha, apige na picha ya namba ya basi, awatumieni kabla basi halijaondoka. Mabasi mengi ya Arua husafiri usiku na kuingia Kampala alfajiri. Mmoja wenu awepo asubuhi hiyo hiyo. Malipo yagawanywe: nusu mzigo ukipakiwa, nusu ukishapimwa Makindye. Mizani ya kuning'iniza ya kilo 50 mnaweza kuchangia moja. Tarajieni kilo moja hivi ya mawe na makapi kwa kila gunia, na mkubaliane mapema nani anaibeba hasara hiyo.

Wadudu sasa. Fukusi wa maharagwe mara nyingi anaingia tangu shambani, mayai yakiwa tayari juu ya punje, kwa hiyo kufunga gunia vizuri hakumzuii. Anazuiliwa kwa kunyimwa hewa. Chukueni jerikeni ya lita 20 iliyowahi kubeba mafuta ya kula au maji, kamwe si mafuta ya taa. Ioshwe kwa sabuni, ikaushwe siku mbili mdomo ukitazama chini. Jazeni maharagwe hadi shingoni, mkiigongagonga ili yashikane, kisha mfunge kwa nguvu, na kipande cha kavera chini ya kizibo. Inachukua kama kilo 15. Wadudu waliomo wanaimaliza hewa iliyobaki na kufa. Isifunguliwe kwa wiki nne za mwanzo, na haya ndiyo makosa ya kawaida: watu hufungua kila siku wakichota vikombe viwili, wakimletea mdudu hewa mpya. Jazeni jerikeni moja ndogo ya kutumia, nyingine zisiguswe. Mifuko ya plastiki ya tabaka mbili inayovaliwa ndani ya gunia, maarufu kwa jina la PICS, hufanya kazi ile ile na inauzwa kwenye maduka ya pembejeo.

Karanga tunawasihi mzipe uangalifu wa pekee. Karanga zilizoanikwa vibaya huota ukungu unaotoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na kukaanga au kuchemsha hakuiondoi. Msiletewe unga wa karanga wala odii (siagi ya karanga na simsim) iliyokwisha sagwa, kwa sababu punje mbovu zikishasagwa hazionekani tena. Leteni punje nzima, mzimwage mezani, mtoe zote zilizosinyaa, zenye doa au rangi ya kijani na nyeusi. Msiwape kuku pia. Simsim jaribuni ndani ya bakuli la maji: punje nyingi huelea au kuchelewa kuzama, mchanga hukaa chini mara moja, mkaona mmelipia mchanga kiasi gani.

Na nyanya, maembe, parachichi? Kwa basi, hapana. Buuti ni joto na mizigo mizito huwekwa juu.

Naishi nje kidogo ya Bombo. Mwenye mashine ya kupoza maziwa yuko mwendo wa dakika 40 kwa miguu. Nikifika nyumbani na kuyachemsha yanakatika. Muuzaji anasema maziwa yake ni mazima. — Mama wa watoto wanne

Mama, muuzaji anaweza kuwa anasema kweli. Maziwa yanakatika kwa sababu vijidudu vimegeuza sukari yake kuwa asidi, na vijidudu hivyo mara nyingi vinakungoja ndani ya chombo chako. Kama unabebea jerikeni ndogo ya plastiki, hapo ndipo penye tatizo. Mkono hauingii, kona zake hazisuguliki, na utando mwembamba unabaki hata ukisuuza kwa maji ya moto. Tafuta kopo la aluminiamu au bati lisiloshika kutu, lenye mdomo mpana na mfuniko. Lisugue kwa sabuni, limwagie maji yaliyochemka, lianike juani likiwa wazi.

Njiani lifunge kwa kitambaa kilicholowa maji. Kikikauka kinapoza. Nenda asubuhi baada ya kuuliza gari la maziwa linafika saa ngapi, ununue yanayotoka kwenye mashine yenyewe, wala si yale ya ndooni pembeni. Yachemshe ukifika tu, kabla ya kazi nyingine yoyote, hadi yafure, uyaache yachemke dakika chache. Usiyachanganye na ya jana hata kikombe kimoja. Yakikatika baada ya yote haya, lawama ni ya muuzaji, na yaliyokatika ukiwa umeyachemsha muda huo huo unaweza kuyachuja ukapata jibini laini ya kupikia, yasimwagwe.

Mimi ni mwanafunzi Jinja. Nitajuaje sokoni kwamba chungwa au kitunguu saumu ni cha hapa?

Chungwa la Teso, la Kumi na Soroti, hubaki na ganda la kijani au kijani-njano hata likiwa limeiva na tamu, kwa sababu rangi ya chungwa huletwa na usiku wa baridi ambao huku hatuna. Lile lenye rangi ya kung'aa, laini kwa nta, na kibandiko, mara nyingi limetoka nje ya nchi. Pima kwa uzito mkononi: zito lina maji. Kitunguu saumu cha vichwa vikubwa vyeupe vilivyofungwa kwenye wavu mara nyingi ni cha China. Cha hapa ni kidogo, punje zake zimebanana, kina udongo na harufu kali. Tufaha, karibu yote ni ya kutoka nje, ingawa Kabale wanalima kiasi.

Tuko Mukono. Tunataka samaki wa Katosi moja kwa moja mwaloni, lakini tunakwenda kwa teksi na kurudi ni zaidi ya saa moja. Watafika wazima?

Watafika mkibeba barafu. Kipimo ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, ndani ya ndoo yenye mfuniko, barafu chini, samaki, barafu juu. Toboeni tundu dogo chini ya ndoo na muiweke ndani ya nyingine, maji yaliyoyeyuka yatoke. Samaki akilala majini nyama inalegea. Mfike asubuhi, wakati nyavu zilizotegwa usiku zinaletwa. Shavu liwe jekundu, jicho limevimba, nyama ikibonyezwa irudi. Watolewe matumbo na mashavu hapo hapo mwaloni. Sangara chini ya sentimita 50 msinunue, ni kinyume cha sheria na ziwa linaumia.

Msipopata barafu, chukueni mukene (dagaa wa ziwani). Wavuvi huwavua usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wanapungua na bei inapanda; nendeni siku za giza. Chagueni waliokaushwa juu ya vichanja au nyavu. Waliotandazwa mchangani wataoshwa kwa maji ya vuguvugu mara tatu, kila mara mkiwaokota kwa mkono kutoka juu badala ya kumwaga maji, ili mchanga ubaki chini ya beseni.